Mdandiaji na Mzamiaji: Utambuzi wa Viumbe Wasiojulikana kutoka Tangi la Maji ya Chumvi hadi Nyasho, Musoma

1.0 Utangulizi

Mtu anayefuga samaki wa baharini ndani ya tangi la kioo hulazimika kutia humo mawe. Mawe hayo ni vipande vya matumbawe yaliyokufa, na wafugaji huyaita mawe hai kwa sababu matundu na nyufa zake zimejaa bakteria, mwani na wanyama wadogo wanaosaidia kusafisha maji. Pamoja na hao wanaohitajiwa huja wengine ambao hakuna aliyewaagiza. Siku kadhaa baada ya mawe kutiwa tangini, mwenye tangi huona usiku kitu kirefu chenye nywele kikijivuta kurudi ufani, au husikia mlio mkali kama wa kijiti kinachovunjwa, au hukuta asubuhi konokono wake amebaki kombe tupu. Hapo huulizwa swali ambalo makala haya yanalichunguza: huyu ni nani?

Utambuzi wa viumbe wa namna hii umezoeleka kuchukuliwa kuwa kazi ya wanabiolojia peke yao. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba hatua zake za mwanzo ni za kiisimu, kwa maana kwamba msemaji wa Kiswahili huwa ameshafanya uamuzi mzito kuhusu kiumbe kabla hajahesabu miguu yake, na kwamba uamuzi huo wakati mwingine humwongoza vyema na wakati mwingine humpotosha. Mifano itatolewa kwanza katika tangi la maji ya chumvi, ambako mambo huonekana kwa udogo na kwa karibu. Kisha mjadala utahamia Nyasho, katika Manispaa ya Musoma, mahali pasipo na bahari lakini ambapo wakazi wameishi kando ya tangi kubwa kuliko yote ya Afrika, yaani Ziwa Victoria, nao wameshuhudia viumbe wageni wakiingizwa humo ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai.

Kabla ya kuendelea hapana budi istilahi ielezwe. Kiumbe anayesafiri bila kuagizwa anaweza kuitwa kwa Kiswahili kwa maneno mawili ambayo tayari yamo midomoni mwa watu. La kwanza ni mdandiaji, kutokana na kitenzi dandia: mtu anayening'inia kwenye gari lililo mwendoni. La pili ni mzamiaji, kutokana na zamia: kijana anayejificha ndani ya meli ili afike nchi za mbali. Maneno haya si visawe. Mdandiaji yuko nje na anaonekana na kila atazamaye. Mzamiaji yuko ndani na huonekana meli ikishafika. Tofauti hiyo inafaa sana kwa suala hili. Anemoni aliyejishikiza juu ya jiwe ni mdandiaji, na anaweza kukaguliwa kabla ya jiwe kuingia tangini. Kaa aliyejibanza ndani ya ufa ni mzamiaji, na hapatikani ila kwa kuvizia. Ni kweli kwamba mzamiaji ana maana nyingine, ya mpiga mbizi, lakini muktadha hutosha kuondoa utata huo. Tena si vibaya kwa mnyama wa majini kuitwa jina linalomkumbusha msomaji kuzama.

2.0 Hiki au Huyu?

Kiswahili hakimruhusu msemaji aulize swali lisilo na upande. Akinyosha kidole kwenye jiwe, hana budi kuchagua baina ya "hiki ni nini?" na "huyu ni nani?" Katika lugha nyingi za ulimwengu swali la kwanza kuhusu kitu kigeni linaweza kuulizwa bila kuamua kama kitu hicho kina uhai. Katika Kiswahili upatanisho wa kisarufi hudai uamuzi huo uwe umefanyika. Konokono, kaa, kamba, pweza na jongoo bahari, ambao maumbo ya majina yao hayana kiambishi m-, wote huchukua upatanisho wa viumbe hai: kaa huyu, pweza yule, konokono amekufa. Kanuni hii inajulikana na kila mwanafunzi wa sarufi. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba kanuni hiyo ni kipimo cha utambuzi, na kipimo chenyewe kina mpaka.

Mpaka huo uko pale kiumbe anapokaa mahali pamoja. Msemaji husema tumbawe hili, wala hasemi tumbawe huyu, ingawa tumbawe hujengwa na wanyama wadogo wenye midomo na minyiri, wanaokamata chakula na kukimeng'enya. Husema sifongo hii, ingawa sifongo asilia ni mifupa ya mnyama. Kwa sarufi, uhai wa mnyama hudhihirika katika mwendo. Asiyetembea huhesabiwa pamoja na mawe na mimea.

Mwenye tangi akifuata sarufi yake bila kutafakari hupata hasara. Mfano ulio bayana ni anemoni wadogo wa jenasi Aiptasia, wenye rangi ya kahawia inayopenyeka mwanga, ambao kwa mtu asiyewajua hufanana na ua dogo lililoota juu ya jiwe. Aliyeona "ua hili" hulikwangua kwa kisu kama mtu anavyong'oa gugu. Kumbe mnyama huyo ana uwezo wa kuzaliana kutokana na vipande vidogo vya mwili wake, hasa vya sehemu ya chini anayoshikia jiwe. Anayekata mmoja leo huenda akawakuta kumi baada ya wiki chache. Kosa lake lilianza katika neno hili lililochukua nafasi ya huyu.

Kinyume chake pia hutokea. Wanyama wanaotembea, ambao sarufi huwapokea mara moja kama viumbe hai, mara nyingi huishia katika neno moja tu: mdudu. Neno hili lina mipaka mipana ajabu. Hutumika kwa nzi, kwa siafu, kwa minyoo, kwa vijimelea, hata kwa maradhi yenyewe na kwa hitilafu ya mtambo. Kwa lugha ya semantiki, mdudu ni kapu la masalio. Huwekwa humo kila kiumbe mdogo ambaye hakupewa jina lake. Wavuvi wa pwani wana msamiati mpana wa kutenga kamba, kambakoche, kaa, chaza, kombe, ngisi na pweza, kwa sababu vyote hivyo vina soko au vina sufuria. Vijidudu wadogo wenye maumbo ya kamba wanaotembea usiku kwenye kioo cha tangi hawana soko, na kwa hiyo hawana jina. Wao ndio chakula kizuri cha samaki waliofugwa, na mwenye tangi anayewaua kwa dawa kwa kuwa ni "wadudu" huwa amemwaga chakula na kutia sumu.

3.0 Mfanano na Hatari Zake

Baada ya swali la hiki na huyu huja la mfanano. Njia kuu ya Kiswahili ya kumpa jina kiumbe wa baharini ni kumfananisha na wa nchi kavu na kumwongezea neno bahari. Jongoo bahari ni mfano maarufu. Mfanano huo unatokana na umbo la nje, yaani mwili mrefu wa mviringo unaokwenda polepole, lakini ndani yake hauna ukweli. Jongoo wa nchi kavu ana pingili na miguu mingi yenye viungo. Jongoo bahari hana pingili wala miguu ya namna hiyo, na nduguye wa karibu ni kiti cha pweza.

Jina kiti cha pweza, kwa upande mwingine, halifananishi umbo. Linamweleza mnyama kwa uhusiano wake na mwingine, kama kwamba mtoa jina alikuwa chini ya maji akitazama nani anakaa juu ya nani. Siku hizi baadhi ya waandishi hupendelea nyota ya bahari. Jina hilo jipya ni zuri kwa macho, lakini ni vigumu kuona limeongeza nini katika elimu, maana la zamani lilikuwa limekwisha fanya kazi yake.

Hatari ya mfanano huonekana zaidi kwa minyoo. Minyoo ya baharini yenye nywele pembeni huja kwa wingi ndani ya mawe hai. Iliyo mingi ni wasafishaji: hula mabaki ya chakula na mizoga. Baadhi ina nywele zinazochoma na kuacha mkono ukiwasha. Wachache, wa jenasi Eunice, hukua kupita urefu wa mita moja na kushambulia wanyama waliofugwa. Msemaji akiwaita wote mnyoo, huwa ameleta pamoja na neno hilo fikra ya ugonjwa wa tumbo, na hukumu imeshatoka. Akiwaita nyungunyungu, analeta fikra ya udongo wenye rutuba na chambo cha samaki, na huwaacha. Akiwaita tandu, huwakimbia. Majina matatu ya mnyama yuleyule yanatoa amri tatu tofauti, na hakuna hata moja lililotokana na kumtazama mnyama anakula nini.

Ulio mgumu zaidi ni utambuzi kwa sauti. Mlio wa kualika ndani ya tangi usiku unaweza kutoka kwa wanyama wawili. Mmoja ni kamba wa familia ya Alpheidae, ambaye hufumba gando lake moja kubwa kwa kasi hadi maji yakapasuka kwa kishindo. Huyo kwa kawaida hana madhara makubwa, na spishi kadhaa huishi shimo moja na samaki wadogo walio walinzi wao. Mwingine ni mnyama wa oda ya Stomatopoda, ambaye si kamba hasa ingawa hufanana naye, na ambaye mikono yake ya mbele hukunjwa kama ya vunjajungu. Huyu huvunja makombe ya konokono na kaa kwa kuyapiga, na wafugaji wamewahi kusimulia juu ya vioo vilivyopasuliwa naye. Kama atatakiwa jina la Kiswahili, kamba-vunjajungu litamfaa kwa umbo na kwa tabia pia, kwani vunja na jungu zote mbili zimo ndani ya neno, naye ni mvunjaji. Ni nadra muambatano kupata bahati ya namna hii.

Wafugaji wenye uzoefu huamua kwa maswali yanayofuatana. Je, kiumbe ana mwili wa duara kama anemoni na kiti cha pweza, au ana upande wa kulia na wa kushoto? Kama ana pande mbili, je, ana pingili? Kama ana pingili, je, ana miguu yenye viungo, na ni mingapi? Hutoka saa ngapi, na hukutwa karibu na nini? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kaa mdogo wa jenasi Trapezia anayekutwa kati ya matawi ya tumbawe anaweza kudhaniwa kuwa analila, kumbe ndiye mlinzi anayewafukuza viti vya pweza wanaokula matumbawe. Mtoa jina wa kale aliyesema kiti cha pweza angelielewa swali hilo bila kufafanuliwa.

4.0 Wageni wa Ziwa

Nyasho ni mahali pafaapo kwa sehemu ya pili ya uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, Musoma ni mji wa lugha nyingi: Kijita, Kikwaya, Kiruri, Kizanaki, Kikuria na Kijaluo hukutana humo, na Kiswahili ndicho daraja. Samaki anapobadilisha mikono, hubadilisha pia lugha. Pili, ziwa lenyewe limepokea wageni wengi katika muda mfupi.

Katika miaka ya 1950 samaki wa jamii ya perege kutoka maziwa mengine walipandikizwa ili kuongeza mavuno yaliyokuwa yakipungua. Mmoja aliyekusudiwa alikuwa yule aliyejulikana kama Tilapia zillii. Mwingine, Oreochromis leucostictus, hufikiriwa na wataalamu kuwa aliingia pamoja naye bila kukusudiwa, kwa kuwa vifaranga wao hufanana. Kama ndivyo, huyo ni mzamiaji kamili, na meli yake ilikuwa ndoo ya maofisa waliodhani wamebeba aina moja tu. Sato wa leo, Oreochromis niloticus, naye ni mgeni wa kipindi hicho. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, amepungua mno katika ziwa kuu. Sato hutajwa sokoni kama mwenyeji, na hakuna chochote katika jina lake kinachomsaliti.

Sangara ana historia nyingine. Samaki huyo, Lates niloticus, alikwisha kunaswa ziwani mwaka 1960, na upandikizaji rasmi ulifanyika miaka ya 1962 na 1963. Nchini Kenya huitwa mbuta na nchini Uganda mputa, majina yaliyo dhahiri kuwa na asili moja. Jina la upande wa Tanzania liko mbali nayo, lakini kando ya Ziwa Tanganyika jina sangala hutumika kwa samaki wakubwa wa jenasi iyo hiyo ya Lates, ambao ni wenyeji wa huko. Ukaribu wa majina haya hauwezi kupuuzwa. Yamkini mtu aliyewajua samaki wa Tanganyika alimwona mgeni wa Victoria akamtambua kuwa ni wa ukoo ule. Kama ndivyo ilivyokuwa, huo ulikuwa utambuzi sahihi hadi kiwango cha jenasi, uliofanywa kwa jicho na ulimi tu.

Dagaa hutoa mfano wa kinyume. Dagaa wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, wanatoka katika oda moja na ningu na kuyu. Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo wa samaki wa baharini wanaofanana na simu. Jina ni moja kwa kuwa wote ni wadogo, hung'aa na huanikwa. Jina limetambua kitoweo na njia ya kukitayarisha, wala halikukusudia zaidi ya hapo.

Suala zito kuliko yote ni la furu. Neno hili moja lilibeba samaki wadogo wa jenasi Haplochromis na jamaa zake, ambao spishi zao ziwani zimekadiriwa kuwa 500 au zaidi. Kuanzia mwaka 1977 kikundi cha watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, kiliwachunguza huko Mwanza. Spishi mpya zilikuwa nyingi kiasi kwamba watafiti walilazimika kuzipa majina ya muda kwa kufuata rangi za mapezi na maumbo ya vichwa, jambo ambalo halitofautiani sana na anavyofanya mvuvi. Kisha sangara akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka, nyingine kabla ya kupata jina la kudumu.

Hapa ndipo lugha ilipokosa jambo kubwa. Laiti kila furu angelikuwa na jina lake, kutoweka kwake kungeacha pengo katika mazungumzo. Wazee wangeuliza fulani yuko wapi. Kwa kuwa wote walikuwa furu, na furu wachache wakabaki, neno liliendelea kutumika kama kwamba hakuna aliyeondoka. Wavuvi walikuwa na tofauti kadhaa za ndani, kama mbipi kwa furu wa miambani, lakini tofauti hizo hazikuingia katika Kiswahili cha sokoni.

Sayansi ya kimataifa baadaye iliyachukua maneno hayo. Mwaka 1985 furu mmoja mwenye mgongo mwekundu na milia myeusi alipewa jina Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Mwaka 1998 jenasi mbili mpya ziliitwa Pundamilia na Mbipia, na miongoni mwa spishi zake wamo Pundamilia pundamilia na Mbipia mbipi. Pundamilia nyererei sasa hufugwa katika matangi ya maji baridi Ulaya na Marekani, na wafugaji wasiojua neno jingine la Kiswahili hulitamka hilo kila siku.

Samaki hao wawili wa jenasi Pundamilia wana funzo la ziada kuhusu utambuzi. Majike yao hufanana sana. Madume hutofautiana kwa rangi, mmoja mwekundu na mwingine wa buluu ya kijivu. Jike humchagua dume kwa rangi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yanapochafuka na mwanga kupungua, rangi hazionekani vizuri, na aina mbili huchanganyika. Yaani samaki wenyewe hushindwa kutambuana.

5.0 Gugu Maji na Abiria Wake

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mmea wa asili ya Amerika ya Kusini ulionekana ziwani. Ulikuwa umesambazwa duniani na watu walioupenda kwa maua yake ya zambarau na kuupanda katika mabwawa ya mapambo. Kiswahili kiliuita gugu maji, na jina hilo ni hukumu kamili: gugu ni mmea usiotakiwa shambani. Safari hii hukumu ilikuwa ya haki. Katika miaka ya 1990 mikeka yake iliziba mialo na kuzuia mitumbwi, hadi fukusi wa jenasi Neochetina walipoletwa kuula na kuudhoofisha.

Hata hivyo jina gugu lilielekeza macho kwenye mmea wenyewe. Chini ya mikeka hiyo, kwenye mizizi inayoning'inia, husafiri konokono. Hao ni wadandiaji katika maana halisi, na miongoni mwao wamo wanaohifadhi vimelea vya kichocho. Kiswahili huwaita wote konokono. Tofauti zao zinaweza kuonekana bila darubini. Konokono wa jenasi Biomphalaria ana kombe bapa, lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa juu ya sakafu. Wa jenasi Bulinus ana kombe lenye ncha. Likishikwa ncha ikiwa juu na mdomo ukimwelekea mtazamaji, mdomo huo huwa upande wa kushoto, ilhali kwa konokono wengi huwa kulia.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa afya, kwa sababu Bulinus hubeba kichocho cha kibofu cha mkojo na Biomphalaria hubeba kile cha matumbo. Katika Kiswahili cha watu wengi, kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu. Kando ya Ziwa Victoria ule unaoenea zaidi mwaloni ni wa matumbo, ambao hauleti damu katika mkojo. Huweza kuleta maumivu ya tumbo na damu katika choo kikubwa, na baada ya miaka mingi kuvimba kwa ini na wengu. Mama wa Nyasho anayeulizwa kama mwanawe ana kichocho, akajibu hapana kwa kuwa mkojo wa mtoto ni safi, amejibu sawasawa na maana ya neno kama alivyorithi. Aliyeuliza alikuwa na maana nyingine. Katika vijitabu vya elimu ya afya ingefaa kichocho cha tumbo na kichocho cha mkojo yaandikwe kama maneno mawili yenye maelezo mawili, kila moja likiwa na mchoro wa kombe lake, na swali la mganga lianze na tumbo.